Maswali ya wasomaji: mreteni, mvinje na nyika ya Ngezi

Toleo lililopita tulichapisha picha ya nyika ya Lüneburg, kaskazini ya Ujerumani: ardhi wazi iliyojaa vichaka vya zambarau vinavyofika gotini, na katikati yake miti ya kijani kilichoiva imesimama wima mmojammoja, kama watu wanaosubiri gari ya shamba. Miti hiyo tuliiita mireteni. Barua zimekuja kutoka visiwa vyote viwili, Unguja na Pemba, na hizi ndizo tulizozichagua.

Huo mreteni wenu mbona ni mvinje tu? Mivinje imejaa pwani huku kwetu, ina majani yale yale ya sindano na vitunda vile vile. Mnatupambia jina? (Msomaji, Mkoani)

Kwa mbali hukukosea. Kwa karibu, chuma kijiti cha mvinje chenye rangi ya kijani, kishike kwa mikono miwili ukivute taratibu. Kitachomoka kwenye kiungo. Tazama hapo kilipochomoka: utaona duara la vijino vidogo sana, mara nyingi saba au vinane. Vijino hivyo ndiyo majani ya mvinje. Ile "sindano" ndefu unayoiona si jani, ni kijitawi.

Mreteni (Juniperus communis) una sindano za kweli, za sentimita moja hadi mbili, zinazotoka tatutatu pahala pamoja na kuchoma hasa. Upande wa ndani wa kila sindano una mstari mmoja mweupe. Hapo ndipo mti unapopumulia. Vitunda navyo ni mbalimbali. Cha mvinje ni kigumu kama mti, hupasuka kikatoa mbegu zenye bawa. Cha mreteni kina nyama, hakipasuki, na hungoja ndege akimeze. Kwa nasaba, mvinje ni mmea wa maua, na mreteni ni jamaa wa msonobari.

Mtarakwa wa milima ya Kenya na Tanzania bara (Juniperus procera) ni wa jenasi hiyo hiyo ya mreteni, ila wenyewe hurefuka ukawa mti wa mbao. Waarabu huuita ar'ar, na waliofika milima ya Asir, Saudia, watakuwa wameuona bila ya kuujua. Unguja na Pemba mreteni wa asili hakuna.

Asalamu alaykum. Mumeandika kwamba huko Ujerumani kondoo wanaingizwa hifadhini kwa makusudi, tena na mchungaji anayelipwa. Sisi ng'ombe akionekana ndani ya msitu wa Ngezi tunaitwa kwa sheha. Hifadhi si hifadhi? Au ng'ombe wetu ana makosa gani ambayo kondoo wao hana? (Mfugaji, Konde)

Waalaykumu salaam. Hili ndilo swali lililotufurahisha kuliko yote, na jibu lake ni refu.

Nyika ya Lüneburg zamani ilikuwa msitu. Watu walikata miti, wakalisha, na kwa karne nyingi wakawa wanakata tabaka la juu la ardhi pamoja na mizizi yake, vipandevipande kama unavyokunja jamvi, wakavitandika zizini. Vikisharowa mkojo na samadi, vinapelekwa kondeni. Mchana kondoo anakula nyikani, usiku analala zizini. Rutuba ilikuwa na safari ya upande mmoja tu: inatoka nyikani na hairudi. Kilichobaki ni mchanga uliochoka, wenye asidi, pH (kipimo cha asidi) ya 4 hivi. Mmea unaopenda pahala kama hapo ni kaluna (Calluna vulgaris), ule wa zambarau unaochanua Agosti na Septemba. Mreteni nao ukasalimika kwa sababu unachoma, na kondoo ana uchaguzi wa chakula.

Mbolea ya viwandani ilipofika, mkulima hakuwa tena na haja ya kazi hiyo. Nyika ikaanza kulimwa na kupandwa misonobari. Mwaka 1906 mchungaji wa kanisa aitwaye Wilhelm Bode alisimamia ununuzi wa bonde la Totengrund ili lisiguswe, mwaka 1909 chama cha hifadhi kikaundwa, na mwaka 1921 eneo likatangazwa kuwa hifadhi. Kumbe kutoligusa ndiyo kuliua. Ukiondoa kondoo, miche ya misonobari na mibetula inatoka ndani ya miaka michache, na baadaye kivuli chake kinaua kaluna na mreteni pamoja. Wote wawili hawana ustahamilivu wa giza. Kaluna isipoliwa wala kukatwa huzeeka. Matawi yanalala pembeni, katikati panakuwa wazi, na kwenye miaka 30 au 40 kichaka kimekwisha. Na siku hizi hewa yenyewe inaangusha naitrojeni, yaani mbolea, inayotoka kwenye magari na mashamba makubwa ya mifugo, manyasi yananenepa na kuisonga kaluna. Ndiyo maana wanaleta kondoo aina ya Heidschnucke, wenye manyoya marefu ya kijivu. Penye nyasi nyingi wanafyeka na kuitoa takataka nje ya nyika, na vipande vingine wanavikwangua mpaka mchanga uonekane.

Na hata huko, mfugaji mwenzetu, kondoo haachiwi ovyo. Mreteni mkubwa unajilinda wenyewe kwa kuchoma, lakini mche wa miaka miwili mitatu ni laini, na kondoo na sungura wanaumaliza. Kondoo wakizidi, nyika inabaki na mireteni mikongwe tu isiyo na watoto. Wakipungua, nyasi zinafunika ardhi na mbegu haipati udongo mtupu wa kushika. Wasimamizi wazuri hulisha kipande kimoja kwa nguvu mpaka ardhi ionekane, halafu wanakizungushia ua kwa miaka kadhaa, mpaka miche ipite mdomo wa kondoo.

Sasa tuje Ngezi. Msitu ule uko shingoni mwa rasi ya Kigomasha, Wilaya ya Micheweni, na sifa zake nyingi ni za miti mirefu: mpapindi, ambao ni mnazi-pori wa Pemba peke yake, na wale popo wakubwa wa Pemba. Lakini pahala ambapo udongo ni mchanga mweupe uliochujwa na mvua, msitu unaanguka ghafla. Unatoka kwenye kivuli, unaingia kwenye vichaka vya erika. Jina lake la kitaalamu lilikuwa Philippia mafiensis, siku hizi huandikwa Erica mafiensis, kwa sababu Mafia nako umo. Ni jamaa wa karibu wa kaluna ya Ujerumani. Jamaa zake wa Afrika Mashariki tumezoea kuwasikia Kilimanjaro, mita 3,000 na zaidi, penye baridi na ukungu. Huu wa Pemba uko mita chache juu ya bahari, na jasho linakutoka ukiutazama.

Chukua kijitawi kimoja ukitie kwenye kioo cha kukuzia. Jani ni la milimita chache, na kingo zake zimejikunja chini, hivyo matundu ya kupumulia yamejificha ndani ya mkunjo na maji hayapotei upesi. Kwenye mizizi myembamba kama nywele huishi kuvu ambao huvunja majani yaliyooza na kuutafutia mmea naitrojeni pahala ambapo miti mingine ingekufa njaa. Mpunga haungeota hapo, muhogo ungedumaa. Erika haina shida, na inachoogopa hasa ni shibe: udongo ukinona, miti na magugu yenye haraka yataipita na kuifunika.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Kondoo wa Lüneburg anakula ndani akalala nje, anatoa rutuba. Ng'ombe wa kwetu kwa kawaida anakula nje, jua likiwaka anaingia msituni kupumzika kivulini, na hapo ndipo anapokunya. Safari ya rutuba imegeuzwa. Samadi ile ina mbegu za magugu ya mashambani tayari zimetiwa mbolea yake. Na kwato zinavunja lile tabaka jembamba la majani yaliyooza, ambalo ndilo akiba pekee ya mchanga ule. Likishavunjwa, mvua moja ya masika inaliondoa.

Kwa ufupi, kinachozuia miti mirefu kwenye nyika ya Ngezi si jino la mnyama, ni mchanga wenyewe, kwa hiyo hapahitaji mnyama wa kuusaidia. Na kisheria, msitu wa hifadhi unasimamiwa na sheria ya misitu ya Zanzibar, Namba 10 ya 1996. Sheha hana budi kukuita. Ukitaka kivuli cha ng'ombe, panda miembe miwili mitatu mwisho wa konde yako. Ni kazi ya miaka, tunajua.

Konde yangu inapakana na msitu. Nataka nipande mikeshia na mivinje mpakani, ipatikane kuni na kinga ya upepo. Na majani makavu nachoma kila mwaka kabla ya masika. Kuna ubaya? (Mkulima, Micheweni)

Miti ni mizuri, mpaka ndio mbaya. Mvinje na mkeshia zote zina vijidudu kwenye mizizi vinavyokamata naitrojeni ya hewani. Kwenye konde iliyochoka hiyo ni neema. Kwenye ukingo wa nyika ya mchanga mweupe ni sawa na kumwaga mbolea hifadhini kila jani linapoanguka, na mbegu za mkeshia zinasambaa zenyewe. Ipande upande wa pili wa konde, mbali na msitu, hata kama kuni utazibeba zaidi. Mpakani acha miti na vichaka vya asili vilivyokwisha kuota hapo.

Kuchoma, ushauri wetu ni usichome. Majani hayo hayo yatandaze kwenye muhogo au migomba, kina cha kiganja kimoja, usiyagusishe na shina. Ukiwa huna budi, mwarifu kwanza sheha na ofisa wa misitu, kisha fanya hivi. Kusanya majani katikati ya konde, marundo madogo, si rundo moja kubwa. Kila rundo lizungushie ukanda wa mita tatu uliolimwa na kufagiwa mpaka udongo mtupu. Choma asubuhi umande haujakauka, upepo haujaamka; usichome mchana wa Januari na Februari, kaskazi ikiwa inavuma na majani yamekauka. Muwe watu wawili, na maji, na matawi mabichi ya kuzimia.

Makosa yanayoleta moto mkubwa ni kuondoka mapema. Mwali umezimika, mtu anakwenda zake kunywa chai. Lakini karibu na msitu kuna tabaka la majani yaliyooza, na tabaka hilo huungua kwa chini bila ya mwali, hatua kwa hatua, likaja kutokea upande wa pili kesho yake. Mwagia jivu maji, lichokoe, mwagia tena, halafu weka kiganja juu. Ukihisi joto, bado.

Tumepewa kazi ya kueleza mimea ya nyika kwa vipimo. Kuhesabu kila mmea haiwezekani. Tuanzie wapi? (Mwanafunzi, Tunguu)

Anzia kwenye kibali cha Idara ya Misitu, kabla ya kamba na daftari. Hata kuchuma kijitawi cha kukausha kunahitaji ruhusa.

Kisha chagua kipande chenye sura moja, usipime kwenye ukingo ambapo nyika na msitu vimechanganyika. Zungusha kamba mraba wa mita 5 kwa 5. Andika kwanza asilimia ya udongo mtupu, ya majani makavu, na ya kila tabaka: vichaka, majani ya chini, kuvumwani na mimea midogo inayofunika udongo. Jumla ikipita 100 usishtuke, tabaka zinafunikana. Halafu orodhesha kila aina ya mmea na uipe alama ya Braun-Blanquet, mfumo wa kukadiria wingi wa kila mmea: r ni mmea mmoja tu, + ni michache sana, 1 ni mingi lakini chini ya asilimia 5 ya eneo, 2 ni asilimia 5 hadi 25, 3 ni 25 hadi 50, 4 ni 50 hadi 75, 5 ni zaidi ya hapo. Watu wawili wakadirie kila mmoja kwa siri, kisha mlinganishe. Mtashangaa mlivyotofautiana siku ya kwanza. Ingieni na mtoke kwa mstari mmoja, msivuruge ardhi kila upande.

Udongo: ondoa majani makavu, chota sentimita 10 za juu kutoka sehemu tano za mraba, changanya, anika kivulini, chekecha kwa chekeche ya milimita 2. Pima gramu 10, tia mililita 25 za maji, koroga, subiri nusu saa, pima pH. Hapa wengi huharibu. Maji yawe yaliyotoneshwa, yale safi ya kuongezea betri yauzwayo dukani, au ya maabara. Maji mengi ya visima vyetu yamepita kwenye mawe ya chokaa, na ukiyatumia mchanga wenye asidi utakuonesha sura ya kinongo, udongo wa juu ya mawe ya chokaa. Na kifaa kisawazishwe kwa vimiminika vya pH 4 na 7. Ukikisawazisha kwa 7 na 10 kama mlivyozoea kwa maji ya bahari, namba ya chini haitakuwa ya kuaminika.

Ukijaliwa kupelekwa kusoma Ulaya ukapima nyika ya mireteni, huko ongeza kitu kimoja: hesabu miti dume, miti jike na miche mbalimbali, kwa sababu mreteni una jinsia mbili kwenye miti tofauti. Umoja wa Ulaya umeiweka nyika ya mireteni kwenye sheria yake ya makazi ya viumbe ya mwaka 1992, na mtu akija kukagua, miche ndiyo anayoitafuta. Nyika yenye mireteni mikongwe mizuri ya kupigia picha, bila ya mche hata mmoja, inakufa imesimama.

Mpishi wa hoteli ananiulizia matunda ya mreteni ya kutilia nyama. Nimesikia ya Ngezi yanafaa. Kweli? (Mfanyabiashara wa viungo, Darajani)

Si kweli, na usimtume mtu Ngezi. Tunda la erika ni kikavu kidogo chenye mbegu kama vumbi, halina ladha wala halina ruhusa.

Tunda la mreteni hutoka nchi za baridi. Hukaa mtini miaka miwili hadi mitatu, kwa hiyo tawi moja huwa na mabichi ya kijani na yaliyoiva, na mchumaji hupiga tawi juu ya kitambaa akachagua yale meusi ya buluu tu. Nunua mazima, si ya unga. Liwe na milimita 6 hadi 9, na kwenye ncha lina alama ya mistari mitatu iliyokutana. Libonyeze kwa kucha: zuri hubonyea kidogo na kunuka utomvu, la zamani ni jepesi, limekauka, rangi ya kahawia. Kwa kilo moja ya nyama, manane yaliyopondwa kidogo yanatosha. Muuzaji aandike Juniperus communis kwenye mfuko, maana lipo jamaa lake, Juniperus sabina, ambalo ni sumu. Mama mjamzito na mwenye maradhi ya figo wasile. Matunda haya ndiyo pia yanayoipa jina na harufu ile pombe iitwayo jini, lakini hilo wateja wa hoteli wanalijua zaidi yetu.

Mwanangu amerudi kutoka Ujerumani na mbegu za mreteni mfukoni. Nataka kuziotesha Fuoni. Nifanyeje? (Mama, Fuoni)

Mama, mbegu hizi zina usingizi mzito. Nyama ya tunda inazuia kuota, na ganda ni gumu. Kwao hulala ardhini, mara nyingi majira mawili ya baridi. Anayeotesha kwa mkono hufikicha nyama ikatoka, huzitia mbegu kwenye maji na kuzitupa zinazoelea kwa sababu nyingi ni tupu, huzichanganya na mchanga wenye unyevu, huziweka miezi miwili mitatu pahala pa joto, kisha miezi mitatu au zaidi kwenye friji, kama digrii 4. Baada ya hayo yote chache ndizo zinazoota.

Na hata zikiota, Fuoni hapana baridi. Usiku wa kusi wenyewe haushuki sana chini ya digrii 20, na mreteni unataka kupumzika majira ya baridi. Utakua kwa uvivu, utanjano utaanza chini, mizizi itaoza masika. Mtarakwa wa Lushoto nao ni mti wa milimani, tusikudanganye.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba mbegu na miche haviingizwi nchini bila ya kibali kilichotolewa kabla, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka zinakotoka. Uingereza mwaka 2011 iligundua kijidudu cha kuozesha mizizi, Phytophthora austrocedri, kikiua mireteni, na maradhi ya namna hiyo husafiri ndani ya miche na udongo ulioganda kwenye mizizi au soli za viatu. Kwa hiyo usizioteshe na usizitupe jaani. Zifunge kwenye mfuko wa plastiki mpelekee mkaguzi wa mimea wa bandarini au wa uwanja wa ndege, na kama kijana alikuwa akitembea nyikani huko, viatu vyake visuguliwe kwa sabuni na brashi, tope lote litoke, vikauke kabisa kabla hajavivaa kwenda shamba.